Jumba la Victoria, boksi mbili za barua na neno "frasila"

Kisa kwa ufupi

Kisa hiki ni cha New England, Marekani, mji mdogo kwenye bonde la mto Connecticut. Jina la mji nimelitoa, la jumba nimelitoa, ukoo uliolijenga siutaji, na vitu viwili vitatu visivyobadilisha maana nimevichezea kidogo ili mtu asije akakaa na simu yake akaanza kupeleleza. Yaliyobaki ndo yalivyotokea.

Kazi ilikuwa kuandika umuhimu wa jumba moja la mbao la enzi ya Malkia Victoria, kiusanifu na kihistoria, ili liingizwe kwenye Rejista ya Taifa ya Maeneo ya Kihistoria, ile iliyoanzishwa kwa sheria ya 1966. Tulianza tukidhani ni kazi ya miezi minne, ikala karibu miaka miwili na fomu ya kwanza tukarudishiwa. Naandika kwa sababu najua wapo wenzetu, Mombasa, Zanzibar, Bagamoyo, Lamu, na huku ughaibuni pia, wanaoombwa kuandika habari za majumba ya kale, na wengi wanaanzia pale pale tulipoanzia sisi, kwenye paa na nguzo na milango, halafu wanaishia hapo hapo.

Mimi mtu wa Tanga. Kazi inayonilisha ni kuchora plani kwenye ofisi ya wajenzi, na kwenye chama cha historia cha mji nilikuwa najitolea Jumamosi kwa sababu nina kipimo cha leza na wao walikuwa wanapima kwa futikamba. Tulikuwa wanne: mwenyekiti, ambaye ni mama mwalimu mstaafu anayeujua mji mzima kwa majina, mzee seremala, kijana wa chuo anayesoma historia, na mimi. Mwenye nyumba ni bibi anayeishi peke yake, aliinunua na marehemu mume wake, sio wa ukoo uliojenga.

Nyumba yenyewe

Ghorofa mbili, na juu yake darini kuna vyumba kamili kwa sababu paa ni la mansadi, yaani lile linalopinda mara mbili, upande wa chini umekaribia kusimama wima kama ukuta na una madirisha yake, upande wa juu umelala karibu bapa. Hilo paa Wamarekani waliliiga Paris ya Napoleon III, na baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe kila tajiri alilitaka, maana unapata ghorofa nzima ya ziada iliyojificha ndani ya paa. Sleti za paa, yaani vigae vya mawe bapa, zina rangi mbili, zimekatwa duara kwa chini kama magamba ya samaki. Chini ya ukingo wa paa kuna viegemeo vya mbao vilivyochongwa, viwili viwili. Kona moja ina mnara. Ndani kuna ngazi mbili, ya mbele pana yenye mkono wa mbao uliong'aa kwa kushikwa, na ya nyuma nyembamba, giza, inayotoka jikoni moja kwa moja mpaka vyumba vya watumishi bila kukatiza mahali wanapokaa wageni. Milango ya sebule inateleza na kuingia ndani ya ukuta. Katikati ya dari kuna ua kubwa la plasta pale taa ya gesi ilipokuwa inaning'inia. Na sebuleni kulikuwa na piano. Piano hiyo nitairudia.

Hapa niseme kitu kimoja. Watu huku kila nyumba yenye mbwembwe wanaiita ya Victoria na wanaona wamemaliza. Victoria alitawala kuanzia 1837 mpaka 1901, humo ndani mitindo imepita mingi mno, kuna ya kuigiza makanisa ya zamani, ya kuigiza majumba ya Italia, kuna ya mansadi kama hii, kuna ile ya mwishoni yenye minara na vibaraza vinavyozunguka nyumba. Kumwambia mtu "ni nyumba ya Victoria" ni sawa na kumwambia "ni nyumba ya Mji Mkongwe", haya, ipi? Ya Kiarabu yenye ua katikati na kuta zilizofungwa, au ya Kihindi yenye duka chini na roshani juu ya barabara? Mwandishi wa nyumba hawezi kuanza kazi kabla hajajibu hilo.

Miezi ya mwanzo: misumari, kodi na ramani za bima

Mjini kulikuwa na hadithi kwamba jumba lilijengwa kabla ya vita, yaani kabla ya 1861. Ilikuwa hata kwenye kipeperushi cha watalii. Mwenyekiti aliipenda sana hadithi hiyo, nikamwelewa, lakini paa lilikuwa linanitia wasiwasi, mji mdogo vile kuwa na mansadi mapema hivyo haikunikaa sawa.

Tukaanza na hati za ardhi. Connecticut hati ziko kwa karani wa mji, sio wilayani kama majimbo mengine, kwa hiyo tulizipata kwa asubuhi moja. Ila hati inakwambia kiwanja kilinunuliwa lini na kwa nani, haikwambii nyumba ilisimama lini, na hili ni kosa naliona kila siku, mtu anachukua mwaka wa hati anaubandika mlangoni. Kilichotusaidia ni orodha za kodi za kila mwaka. Kiwanja kile kile, mwenyewe yule yule, miaka inapita thamani iko chini, halafu ghafla mwanzoni mwa miaka ya 1870 thamani inaruka mara nyingi zaidi. Pale ndo nyumba ilipoota.

Halafu mzee seremala akapanda darini na tochi. Alishuka na misumari miwili kwenye kiganja. Wa kwanza ulitoka kwenye mbao za nyumba kuu, bapa, umekatwa na mashine kutoka kwenye bamba la chuma. Wa pili ulitoka kwenye mnara, wa duara, wa waya, kama huu tunaonunua dukani leo. Misumari ya waya ilikuja kutawala soko la Marekani miaka ya 1890. Kwa hiyo mnara, ambao kila kadi ya posta ya mji unauonyesha kama ndo roho ya nyumba, uliongezwa baadaye kabisa. Tukathibitisha kwa ramani za Sanborn, hizi ni ramani zilizochorwa kwa ajili ya kampuni za bima ya moto, kampuni ilianza 1867, kila jengo lina rangi yake, njano ni mbao, pinki ni matofali, bluu ni mawe. Karatasi ya mapema: nyumba ya njano bila mnara. Karatasi ya baadaye: mnara upo.

Sensa nayo ina shimo lake, sensa ya 1890 karibu yote iliharibika kwa moto wa 1921 kule Washington, kwa hiyo unaruka kutoka 1880 mpaka 1900 na kati hapo unapapasa. Kwenye ya 1880 tulimpata mwenye nyumba, mke, watoto, na wasichana wawili wa kazi waliozaliwa Ireland. Ngazi ya nyuma ikapata watu wake.

Mpaka hapo kazi ilikuwa nzuri, nasema kweli. Nilichora plani za ghorofa zote tatu, tukapiga picha kila pande.

Uamuzi wa kwanza, na kwa nini tuliuchukua

Rejista ina vigezo vinne. A ni matukio na mwenendo mpana wa historia, B ni mtu mashuhuri, C ni usanifu na ufundi, D ni habari zinazoweza kupatikana, mara nyingi kwa kuchimba. Jengo likitimiza kimoja inatosha. Sisi tukaamua C peke yake.

Sababu zetu zilikuwa na akili ndani yake. Usanifu unauona kwa macho, hauhitaji ubishi. Aliyejenga hakuwa mtu mashuhuri, kwa hiyo B ilikufa mapema. Na A ingetaka tueleze biashara yake, na tulichokuwa nacho ni sentensi moja ya kitabu cha kale cha mji kwamba "alipata utajiri kwa biashara za nje". Mwenyekiti akasema hiyo inatosha, tuitie kwenye historia fupi tusonge mbele. Nilikubali. Sikubishana hata kidogo, nilikuwa nimenogewa na michoro yangu.

Fomu ikarudi

Ofisi ya jimbo inayoshughulikia urithi haikutukataa, ilituandikia barua ya kurasa mbili yenye heshima zote. Walishika mambo matatu.

La kwanza, uzima wa jengo. Rejista inaangalia mambo saba: mahali, muundo, mazingira, malighafi, ufundi, hisia na uhusiano wake na historia. Sasa bawa la nyuma la nyumba limevalishwa plastiki inayoigiza mbao, na kibaraza cha mbele sio cha mwanzo, kimejengwa upya karne ya 20. Sisi tulikuwa tumeyaficha hayo kwenye nusu sentensi mwishoni mwa ukurasa tukidhani hawataona. Waliona. Kwenye picha zetu wenyewe.

La pili, linganisheni. Nyumba za mansadi jimboni ziko nyingi, hii ina nini ambacho nyingine hazina?

La tatu ndo lililotupiga. Biashara za nje, biashara gani?

Swali fupi vile, na kwenye mkutano watu wanne tukatazamana. Mtu tumekaa kwenye nyumba yake nusu mwaka, tumehesabu misumari yake, hatujui hela aliipata wapi.

Boksi mbili za barua

Mwenyekiti akakumbuka kwamba kuna mjukuu wa vitukuu wa mjenzi, anaishi jimbo jingine, aliwahi kusema ana barua za familia. Akaandikiwa, akakubali kuazima boksi mbili. Sharti lake alilisema kwa simu tu, kwamba familia isome kabla ya kuchapishwa kitu. Tukasema sawa. Hatukuandika popote. Kumbukeni hilo.

Kijana wa chuo akaanza kunakili boksi la kwanza, ni barua za miaka ya 1860 na 1870, mwandiko wa wino uliofifia, na alifanya kazi ya uvumilivu kwelikweli. Akatengeneza na orodha ya majina ya watu wanaotajwa. Jumamosi moja ananionyesha orodha, nasoma, nafika herufi F: "Frasila, mwanamke, yuko Zanzibar, anatajwa mara nyingi, huenda ni mke wa pili au mtumishi." Chini kidogo, "Mrima, nahodha?"

Nikacheka mpaka machozi. Halafu nikamwomba barua yenyewe, nikasoma, kicheko kikaisha.

Sikutaka kutegemea kichwa changu peke yake, nikampigia mjomba wangu Unguja, mzee aliyeuza karafuu maisha yake yote.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu, huko baridi?"

"Baridi mjomba. Frasila ni uzito gani?"

"Ratili thelathini na tano. Kwani huko mnapima karafuu?"

"Hapana mjomba. Pembe."

Akanyamaza kidogo, akasema, "Pembe zilipimwa hivyo hivyo."

Ratili 35 ni kama kilo 16. Yule "mwanamke anayetajwa mara nyingi" alikuwa bei ya pembe za ndovu kwa frasila, barua baada ya barua, imepanda, imeshuka, misafara imechelewa kutoka bara, wenye pembe wa mrima, yaani pwani ya bara, wanataka merikani na hawataki kitambaa cha Mwingereza. Aliyeandika alikuwa wakala aliyekaa Zanzibar, anamwandikia mshirika wake ambaye ndo mwenye jumba letu.

Na hapo historia nzima ikajipanga yenyewe. Marekani ilitia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said 1833, ikafungua ubalozi mdogo Zanzibar 1837, kabla ya Waingereza, na balozi wa kwanza alikuwa mfanyabiashara wa Salem, Massachusetts. Walileta kitambaa cha pamba kisichopaushwa, ndo sisi mpaka leo tunasema merikani, wakaondoka na pembe, sandarusi, karafuu na ngozi. Pembe za Afrika Mashariki zilipendwa kwa sababu ni laini, zinakatika vizuri na hazipasuki ovyo. Na sehemu kubwa ya pembe zilizoingia Marekani ziliishia kwenye bonde hili hili la mto Connecticut, kwenye miji miwili iliyo karibu, Deep River na Ivoryton, ambako viwanda vya Pratt, Read na Comstock, Cheney vilizikata kuwa vitana, na baadaye, Wamarekani walipoingiwa na wazimu wa piano, kuwa vibao vya kubonyeza. Jina la Ivoryton lenyewe ni mji wa pembe. Vipande vilivyokatwa vilianikwa juani kwenye mabanda marefu ya vioo ili viwe vyeupe.

Niliishi maili chache kutoka hapo miaka yote hiyo. Mtu wa Tanga. Sikujua.

Ugomvi wa aya moja

Tukaandika fomu upya kwa A na C pamoja. Michoro ilibaki, misumari ilibaki, ila sehemu ya umuhimu ikageuka kabisa: nyumba hii ni ushahidi wa namna biashara ya pembe ya Zanzibar ilivyojenga tabaka la matajiri kwenye miji midogo ya bonde. Ofisi ya jimbo iliuliza inatofautiana vipi na nyumba nyingine za mansadi, na sasa jibu lilikuwepo na tulikuwa na barua mkononi.

Ugomvi ulikuja kwenye aya moja inayohusu watumwa. Rasimu ya kijana ilisema kila pembe iliyolipia nyumba hii ilibebwa na mtumwa mpaka pwani. Mjukuu aliposoma akatishia kuchukua boksi zake na kumshawishi mwenye nyumba apinge. Na hilo sio jambo dogo, kwa sababu mwenye mali binafsi akiandika pingamizi rasmi, jengo haliingizwi kwenye rejista hata likiwa na sifa zote. Mwenyekiti akataka aya yote itoke, tuseme tu "biashara na Afrika Mashariki".

Mimi niliwakatalia wote wawili, na ndo mara yangu ya kwanza kupandisha sauti kwenye mkutano wao. Kijana nilimwambia sentensi yake si ya kweli. Wanyamwezi walikuwa wapagazi wa kazi, wakilipwa, wakijivunia safari, kijana wa Unyamwezi kwenda pwani na kurudi ilikuwa ni kuonyesha ameshakuwa mtu mzima. Ukisema wote walikuwa watumwa umewafutia hao jina lao na umedhani unawatetea. Mwenyekiti nilimwambia kuitoa aya ni uongo wa upande wa pili. Njia za Bagamoyo, Tabora na Ujiji zilipitisha pembe na watu waliotekwa, wafanyabiashara walewale walishika vyote viwili, bunduki zilizotafuta pembe zilichoma vijiji, soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa 1873, yaani wakati nyumba yetu ndo kwanza inapakwa rangi, na utumwa wenyewe kisheria haukufutwa Unguja mpaka 1897. Wakala wetu kwenye barua analalamika misafara kuchelewa. Hasemi walioko kwenye msafara ni nani. Basi na sisi tuandike hivyo hivyo: barua zinasema nini, historia ya njia ile inajulikana vipi, na wapi barua zinanyamaza.

Tuliandika aya hiyo mara sita. Mwisho ikawa ndefu kuliko ya mwanzo na kali zaidi kuliko alivyotaka mwenyekiti, ila kila sentensi ilikuwa na kitu cha kuishikilia. Mjukuu alisoma, akakaa kimya wiki tatu, halafu akajibu kwa imeili ya mistari miwili kwamba hana pingamizi. Sikuona furaha kwenye hiyo imeili, wala sikuitegemea.

Mwenye nyumba naye alikuwa na hofu yake tofauti kabisa, hakujali pembe wala watumwa, alikuwa anaogopa serikali itamkataza kubadilisha madirisha. Tulimweleza kwamba kuingia rejista ya taifa peke yake hakumzuii mtu binafsi kufanya atakalo kwa hela yake, makatazo huwa yanatoka kwenye sheria ndogo za mji pale zilipo. Hili tungemweleza siku ya kwanza. Tulimweleza mwaka wa pili.

Ilivyoisha

Fomu ya pili ilipita ofisi ya jimbo, ikapita bodi, ikaenda Washington, ikakubaliwa kwa A na C, na umuhimu ukawekwa wa ngazi ya jimbo, wakati tulikuwa tumeanza na ngazi ya mji. Mnara ukaelezwa ulivyo, nyongeza ya miaka ya 1890. Plastiki ikaelezwa ilivyo. Kipeperushi cha watalii kilirekebishwa mwaka wa kujengwa, bado pembe hawajaiandika.

Bibi alidhani ataletewa hela za ukarabati. Hakuna. Kuna punguzo la kodi la shirikisho la asilimia 20 ya gharama za ukarabati, ila ni kwa majengo yanayoingiza kipato, na yeye anaishi humo tu. Alinyong'onyea kidogo, akapata kibao cha shaba, akakipigilia mwenyewe.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Kupingana na hadithi kwa ushahidi wa aina tatu ulio tofauti. Orodha ya kodi ingekuwa peke yake mwenyekiti asingekubali, msumari ungekuwa peke yake mtu angesema fundi alikuwa na misumari ya akiba. Vilipokutana kodi, msumari na ramani, hakuna aliyebishana tena, na cha ajabu mwenyekiti ndo akawa anawasimulia watu hadithi ya misumari kuliko sisi wote.

Kusema kasoro za jengo mapema na wazi. Kwenye fomu ya pili tuliziweka aya ya kwanza ya maelezo ya nje. Ofisi haikuuliza tena. Anayepitia fomu amezoea kuona nyumba zilizoguswa, kinachomfanya ashtuke ni mwandishi anayejifanya hajaona.

Na kuwa na mtu mezani anayejua maneno. Sijisifu, ilikuwa bahati tupu. Kama ningekuwa nimehamia Ohio, Frasila angekuwa mke wa pili wa wakala mpaka leo, labda na sura yake kwenye kitabu. Barua za wafanyabiashara wa Zanzibar zimejaa Kiswahili kilichoandikwa kwa masikio ya Kizungu, na chama cha historia chenye barua hizo kikikosa msomaji wa Kiswahili kinaweza kukaa nazo miaka mia bila kujua zinasema nini.

Uchambuzi: tulichokosea

Kosa la kwanza nimeshalisema, tulichagua kigezo kwa urahisi wake kabla hatujauliza swali la hela. Ukitaka kujua nyumba ya tajiri ina maana gani, swali hilo lije wiki ya kwanza, sambamba na futikamba, maana linakupa hata macho ya kuangalia usanifu. Ukumbi wa mbele wa lile jumba ni mpana kupita kiasi kwa familia ile, nilikuwa nimeandika "mpana" nikapita. Barua zikaonyesha kwamba washirika na manahodha walikuwa wanapokelewa hapo.

La pili ni makubaliano ya mdomo. Sharti la mjukuu tulilielewa kila mtu kivyake, yeye alidhani ana haki ya kufuta, sisi tulidhani ana haki ya kusoma. Karatasi moja ya kusaini mwanzoni ingetuokoa miezi. Na kwa sababu hatukuwa na karatasi, ugomvi ulipotulia alizichukua boksi zake, tulikuwa tumeskani la kwanza lote na la pili nusu.

La tatu ni la kwangu binafsi na linaniudhi. Picha. Nilipiga mamia, nikaziacha na majina yale kamera inayoyatoa yenyewe, za darini zikachanganyika na za nyumba nyingine ya kazini, na siku nyingine nikasafisha laptopu. Picha ya mbao za mnara zenye misumari ya waya, ambayo ndo ushahidi wenyewe, ilibidi mzee seremala apande tena na magoti yake mabovu. Toka hapo nalipatia kila faili jina, chumba, upande unaotazama, tarehe, palepale kabla sijatoka kwenye nyumba.

La nne, watu wa ngazi ya nyuma. Wale wasichana wa Ireland tumewapa sentensi moja. Tulichoka. Hakuna sababu nyingine.

Na piano. Rejista inaandikisha majengo, maeneo, miundo na vitu vilivyokaa mahali pake, samani za kuhamishika hazihesabiki, kwa hiyo piano hatukuigusa kwenye fomu. Mimi niliigusa kwa mkono. Vibao vyeupe vya piano ya zamani kila kimoja kina vipande viwili vya pembe, kichwa na mkia, na ukipitisha ukucha unasikia mstari pale vinapokutana. Vibao 52, mistari 52. Kitu pekee ndani ya nyumba kilichounganisha sebule na msafara, na hatukuandika hata namba yake ya kiwandani. Miezi michache baada ya kibao cha shaba, bibi alitaka kuiuza, akakwama, kwa sababu tangu 2016 sheria ya shirikisho imebana sana biashara ya pembe za ndovu wa Afrika na ukitaka kuuza kitu cha kale lazima uthibitishe umri wake, na wa kumsaidia kuthibitisha tulikuwa ni sisi. Alichoka, akampa mtu aliyekuja na gari. Tuna picha moja ya hiyo piano, na nilikuwa nimelenga ua la plasta.

Kilichobaki kwenye ofisi ya chama ni faili la nakala za barua, na mbele yake nimebandika karatasi ya maneno kwa atakayekuja kujitolea: frasila, ratili, mrima, merikani, sandarusi, pagazi, kila neno na maana yake. Wiki iliyopita nimeikuta imeongezwa mstari kwa penseli chini kabisa, mwandiko wa yule kijana: "Frasila sio mtu. Niliuliza."